Kidonge cha saa sabini na mbili

Kiswahili hutoa hukumu kabla mgonjwa hajafika kwa daktari. Kisonono, kaswende, klamidia na jamaa zao tumewatia katika kapu moja na kuwaita magonjwa ya zinaa, na zinaa si neno la hospitali. Ni neno la mimbari na la kadhi. Mke aliyeletewa kaswende na mume wake wa ndoa ana ugonjwa wa zinaa, ingawa zinaa hakuifanya yeye. Kichanga kilichozaliwa jana na kaswende kilichoipata tumboni nacho kina ugonjwa wa zinaa. Wataalamu wa afya wamejaribu kuleta "magonjwa ya ngono" na "maambukizi yatokanayo na kujamiiana", lakini majina hayo hayajatoka kwenye vipeperushi. Vijiweni ni gono na zinaa, basi. Naanza na jina kwa sababu swali ninalotaka kulipima, la mtu asiyeumwa kumeza antibiotiki baada ya kujamiiana ili asiambukizwe, kwetu hufika likiwa limekwisha jibiwa na jina hilo. Tukishatamka zinaa, kilichobaki ni kuuliza kama kidonge kinamsaidia mzinifu. Naliona swali hilo kuwa dogo, tena limekaa mbele ya kubwa na kulifunika.

Dawa yenyewe si ngeni. Ni doksisaiklini, ya ukoo wa tetrasaiklini, inayotumika tangu miaka ya 1960 na ambayo haina bei ya kutisha. Utaratibu ni kumeza miligramu 200, yaani vidonge viwili vya 100, kwa mara moja, mapema iwezekanavyo baada ya kujamiiana bila kondomu na kabla ya saa 72 kupita. Nchini Ufaransa, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 walikuta kwamba miongoni mwa wanaume wanaojamiiana na wanaume, klamidia na kaswende zilipungua kwa takriban asilimia 70 kila moja, ila kisonono hakikutikisika. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya San Francisco na Seattle: washiriki 501, wanaume wa kundi hilo pamoja na wanawake waliobadili jinsia, wote ama wanaishi na VVU ama wanatumia PrEP, ile dawa ya kujikinga na VVU. Waliopewa doksisaiklini walipata maambukizi pungufu kwa theluthi mbili hivi. Juni 2024 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ikatoa mwongozo kwamba watu wa makundi hayo waliopata kaswende, klamidia au kisonono ndani ya miezi 12 waelezwe juu ya kinga hii na wapewe wakiitaka. San Francisco ilikuwa imetangulia tangu Oktoba 2022, na huko klamidia na kaswende changa katika makundi hayo zimeshuka kwa karibu nusu ya kilichokadiriwa. Kisonono hakikushuka.

Pingamizi la kwanza dhidi ya mambo kama haya lina umri mrefu kuliko antibiotiki. Mwaka 1906, Metchnikoff na Roux wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walipoonyesha kwamba marhamu ya zebaki ikipakwa mapema huzuia kaswende, walikuwapo waliolalamika kwamba sayansi inafungulia ufuska mlango. Josephus Daniels, waziri wa jeshi la majini la Marekani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alikataa mabaharia wapewe vifaa vya kujikinga kwa hoja hiyohiyo: ukimpa kijana kinga unamwambia aende. Tusiwacheke. Hoja hii ina watetezi wenye akili katika dini zote mbili kubwa za pwani na bara yetu. Wanazuoni wa fikihi wana kanuni ya kuziba njia, kwamba jambo la halali laweza kuzuiwa likiwa ni daraja la kufikia haramu. Wanateolojia wa Kikatoliki wana mjadala mrefu juu ya kushiriki dhambi ya mwingine kwa kumrahisishia. Kwa wote hao hoja iliyo nzuri haisemi kwamba mgonjwa aachwe afe. Inasema kwamba hofu ya matokeo ni ukuta mmojawapo unaomzuia binadamu dhaifu, na anayeubomoa ukuta huo ana sehemu yake katika kitakachofuata.

Basi tuutazame ukuta wenyewe, tuone unamzuia nani na unamwangukia nani. Klamidia kwa mwanamke mara nyingi haina dalili hata moja. Haiwashi, haiumi, haitoi usaha wa kumtisha mtu. Hupanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi, huacha makovu, na miaka baadaye mwanamke yule anazunguka kwa waganga na hospitali akitafuta mtoto, huku mawifi wakimwita tasa. Kijana aliyemwambukiza amekwisha kusahau jina lake. Ukuta gani huu usioonekana na yule unayetakiwa kumzuia? Marekani, nchi yenye maabara kila kona, watoto zaidi ya 3,700 waliripotiwa mwaka 2022 kuzaliwa na kaswende au kufa nayo tumboni, zaidi ya mara kumi ya idadi ya mwaka 2012. Al-Ghazali alipoorodhesha mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi, alitaja dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Ugonjwa unaoziba mirija ya uzazi na kuua vichanga unashambulia mawili kati ya hayo kwa mpigo. Anayetaka kuubakiza uwe kiboko cha waasherati anapaswa kueleza kwa nini kiboko hicho kinawachapa zaidi wasiokuwapo. Kitabu cha Ayubu chote ni ugomvi na marafiki waliosema kwamba aliye na vidonda lazima ana kosa, na mwishoni ni marafiki hao wanaokemewa.

Atakayejibu kwamba watu watalegea, simkatalii moja kwa moja. Kuhusu chanjo ya virusi vya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019 huku wengine wakiipinga kwa sababu hiihii, tafiti zilizolinganisha wasichana waliochanjwa na wasiochanjwa hazikuona waliochanjwa wakikimbilia ngono. Kuhusu PrEP habari si safi hivyo. Baadhi ya watumiaji wameacha kondomu, na ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya watafiti watafute kinga ya kaswende na klamidia. Kulegea kupo, basi. Ila sidhani kwamba kunabeba uzito unaotwikwa. Dini hizi hupima tendo kwa nia. Aliyejizuia kwa kuogopa usaha ameutii usaha. Thawabu yake, kama ipo, ni afya aliyokwisha kuipata. Mhubiri anayetegemea kisonono kimsaidie kujaza safu za mbele amekiri kitu juu ya mahubiri yake ambacho asingependa waumini wakisikie.

Lakini nikiishia hapa nitakuwa nimeshinda kesi nyepesi. Kidonge hiki hakifanani na kondomu, wala na chanjo, wala na PrEP. Kondomu ya mtu mmoja haipunguzi nguvu ya kondomu ya jirani. Antibiotiki hupunguza. Doksisaiklini ikimezwa haiendi kutafuta kaswende peke yake kama askari mwenye picha ya mtuhumiwa. Inaingia katika utumbo, koo, pua na ngozi, inawapitia mabilioni ya bakteria wa kawaida wanaoishi humo bila kumdhuru mtu, inawaua wanyonge na kuwaachia uwanja wenye silaha. Hao waliobaki hawana choyo; hupeana vinasaba vya usugu hata kati ya spishi na spishi, na hutoka kwa mwenye mwili kwenda kwa mkewe, mtoto wake, abiria mwenzake, muuguzi. Alexander Fleming alikwisha kuonya mwaka 1945, katika hotuba yake ya Nobeli, kwamba penisilini itakayotumiwa ovyo itazaa vimelea visivyoisikia. Mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na mzigo mzito zaidi ulikuwa Afrika kusini mwa Sahara, hasa upande wa magharibi. Aliyekufa hapo si lazima awe amewahi kumeza kidonge cha kujikinga. Pengine ni mtoto wa siku nne aliyeingiwa na bakteria kwenye kitovu, na sindano ya kwanza haikufanya kazi, na ya pili haikuwapo.

Kwa hiyo neno ninalolitafuta ni amana, na zinaa haituhusu tena. Nguvu ya antibiotiki ni kama kisima cha kijiji wakati wa kiangazi: kila mtu ana haki ya kuchota, hakuna mwenye haki ya kuogea. Na hapa mwenye kumeza anadaiwa jibu hata kama tendo lililotangulia lilikuwa la halali kabisa, ndani ya ndoa, kwa baraka za wazee wa pande zote mbili. Jeshi la majini la Marekani lilikwisha kulijaribu jambo hili kwa minosaiklini, ndugu wa doksisaiklini, kwa mabaharia waliotoka likizo katika bandari ya Mashariki ya Mbali. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1979, yalionyesha kisonono kikipungua kwa kama nusu. Ila waliozuiwa walikuwa hasa vimelea dhaifu. Wale sugu walipenya, na watafiti wenyewe wakahitimisha kwamba kama mkakati wa umma njia hiyo haitafika mbali, kwani ingewachagua sugu na kuwapa nafasi.

Sasa watetezi wa kidonge nao wana swali, na ni swali kali: kwa nini hesabu ya kisima inaanza kudaiwa leo, na kwa watu hawa? Mtalii anayekuja Serengeti kwa wiki mbili huandikiwa doksisaiklini hiihii ya kujikinga na malaria, kidonge kimoja cha miligramu 100 kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya safari hadi wiki nne baada ya kurudi. Piga hesabu: vidonge 44. Anayejikinga baada ya kujamiiana mara moja kwa wiki angevimaliza hivyo 44 kwa miezi mitano. Sijasikia mtu akimuuliza mtalii nia yake, wala akimwambia kwamba asingetaka malaria angebaki kwao. Kijana mwenye chunusi hupewa dawa hiyo kwa wiki nyingi ili uso ung'ae. Kuku wanapewa tetrasaiklini katika maji ya kunywa, na mfugaji haulizwi juu ya imani yake. Hata kumpa antibiotiki asiyeumwa, kama msingi, tulikwisha kuukubali: watu wengi wanaoishi na VVU Afrika Mashariki wamemeza Septrini kila siku kwa miaka, na katika utafiti wa Niger, Malawi na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2018 na kwetu ukafanyika Kilosa, watoto wadogo walipewa azithromaisini mara mbili kwa mwaka wakiwa wazima. Vifo vilipungua kwa karibu asilimia 14 kwa nchi zote tatu zikijumlishwa, kwa kiasi kikubwa zaidi Niger. Usugu nao ukaongezeka. Tulisema sawa, tukipima maisha ya watoto upande mmoja na usugu upande wa pili.

Nalikubali shitaka hilo la upendeleo, lakini halifuti deni. Wizi wa jirani kisimani haunihalalishii wangu. Linachofanya ni kututaka tutumie mizani ileile kwa wote: faida ni kubwa kiasi gani, kwa nani, na anayebeba hasara yuko wapi. Na mizani hiyo haileti jibu moja. Tiba ya klamidia ni vidonge viwili vya doksisaiklini kwa siku kwa siku saba, jumla 14. Hivyo ni sawa na vipimo saba vya kujikinga. Mwenye kujikinga kila wiki hutumia vipimo 52 kwa mwaka, yaani dawa ya kutibu klamidia mara saba na zaidi. Akiwa ni mtu ambaye angeambukizwa mara mbili au tatu kwa mwaka, bado anachota kuliko ambavyo angechota kwa tiba, lakini anaokoa pia wenzi wake, na kwa kaswende anaokoa macho, ubongo na mtoto ambaye huenda akamzaa mwenzi wa mwenzi. Akiwa ni mtu ambaye angeambukizwa mara moja katika miaka kumi, amemwaga vipimo mia tano kwa ajili ya utulivu wa moyo. Kwa huyu wa pili nasema wazi kwamba haki hana. Kwa wa kwanza nasema anayo, mradi apimwe kila miezi mitatu, aandikiwe na mtu anayejua, na vimelea vya mji wake viwe vinafuatiliwa maabara ili dawa isimamishwe ikianza kuharibu. Masharti hayo ndiyo yanayofanya kuchota kuwe kuchota. Mwongozo wa Marekani kwa sehemu kubwa umekaa hapo, na sioni ulipokosea sana.

Ila masharti hayo yakisafirishwa hadi kwetu hukutana na lile jina tulilolianza. Mwaka 2023 yalichapishwa pia matokeo ya utafiti wa Kisumu, wa kwanza wa aina yake kwa wanawake: wanawake 449 wa miaka 18 hadi 30, wote wakitumia PrEP, nusu wakipewa doksisaiklini ya kumeza baada ya kujamiiana na nusu huduma ya kawaida. Baada ya mwaka mzima wa kupimwa kila robo, waliopewa dawa walikuwa na maambukizi 50, wasiopewa 59. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitwa kinga. Wanawake wenyewe waliripoti kwamba kwa kiasi kikubwa walikuwa wakimeza. Watafiti wakaangalia nywele. Unywele hukua polepole na huhifadhi alama za kilichopita katika damu, kama kamba iliyofungwa fundo kila mwezi, nao haujui aibu. Katika sampuli 200 za nywele, doksisaiklini ilikutwa katika 58. Tunaambiwa basi kwamba dawa haifanyi kazi kwa wanawake? Hatuwezi kusema hivyo, kwa sababu sehemu kubwa haikumezwa. Na mwenye kujua nyumba zetu hahitaji maelezo marefu juu ya ugumu wa msichana kuweka vidonge vya zinaa chini ya godoro, katika chumba cha kushirikiana, mbele ya mwanamume atakayeuliza kwa nini unajikinga na mimi.

Hapo ndipo hoja ya dhambi, niliyoiaga mapema, inarudi kwa mlango wa nyuma, na safari hii inakuja kama mshtakiwa. Dawa hizi kupatikana, zinapatikana. Mtu hupita duka la dawa jioni, anajifanya kutazama dawa za meno hadi mteja wa mwisho aondoke, kisha anainama dirishani na kusema kwa sauti ya chini anataka zile za rangi mbili. Muuzaji haulizi. Anakata vidonge vinne au sita kutoka kwenye kadi, kulingana na pesa iliyopo, anavitia katika kibahasha cha khaki, na mambo yamekwisha. Hakuna kipimo, hakuna mwenzi aliyeitwa, hakuna anayejua kama ni kinga, tiba au kujifariji, wala kama dawa ni ya ugonjwa huo. Kwenye zahanati nako, mara nyingi hakuna kipimo cha klamidia. Hutibiwa dalili, na asiye na dalili haonekani. Uchotaji mbaya kuliko wote unafanyika gizani hivi, na giza lenyewe limetengenezwa na fedheha. Anayemfedhehesha msichana zahanati anampeleka dirishani, na kutoka dirishani usugu unaingia mtaani. Kama kushiriki kosa la mwingine kwa kumrahisishia njia ni kosa, kanuni hiyo haiwezi kumgusa daktari aliyeandika cheti na kumruka muumini aliyenyoosha kidole.

Mtu anaweza kusema nimeacha njia iliyo fupi, ya kujizuia na kuwa mwaminifu. Sijaiacha, kwa anayeiweza haina usugu, haina gharama, na hakuna utafiti utakaoishinda. Lakini uaminifu ni kinga ya wawili, na mmoja akiuvunja, mwingine hapewi taarifa. Dunia inapata maambukizi mapya zaidi ya milioni moja kila siku ya klamidia, kisonono, kaswende na trikomona, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani. Ndani ya milioni hiyo wamo walioahidiwa.

Kuna jambo moja zaidi katika maabara ya Kisumu. Walipochunguza vimelea vya kisonono vilivyopatikana kwa wanawake wale, walikuta vyote vina kinasaba cha usugu mkali dhidi ya tetrasaiklini, na hata vile vilivyochukuliwa mwanzoni, kabla ya mshiriki yeyote kupewa kidonge cha utafiti, vilikuwa nacho vilevile. Kisima kilikuwa kimekwisha kunywewa upande huo, na waliokinywa hakuna aliyewahi kuwauliza walitoka kufanya nini.